Detekta, dhahabu ya Katavi na ndoto ya rupia za Mjerumani

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Ikola, kwenye ufukwe wa ziwa hilo mkoani Katavi, ambako dagaa na migebuka ndiyo ada ya shule na ndiyo mtaji wa mama lishe, miezi mitatu bila mtumbwi majini ni mirefu mno. Mfuko ukikauka namna hiyo, habari za mali zilizofukiwa hupata wasikilizaji haraka, na mashine ya kutambua metali, ambayo wachimbaji huiita detekta, huanza kuonekana kama mkombozi.

Mashine yenyewe si ya kubezwa. Kwenye maeneo ya dhahabu ya Mpanda, kama Magamba na Ibindi, kipande kilichokaa karibu na uso wa ardhi hakihitaji karasha wala zebaki ili kionekane. Koili hupeleka mawimbi ya sumaku ardhini, metali huyarudisha, na aliyevaa spika za masikioni husikia mlio ukibadilika. Hapo jembe hushuka taratibu, udongo huchotwa kwa kiganja na kupitishwa juu ya koili mpaka kipande kipatikane. Tatizo ni kina. Punje ndogo hutambulika sentimita chache tu chini, na sarafu kwa kawaida haizidi sentimita 20 au 30. Isitoshe, udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na mashine ya bei nafuu hupiga kelele kila hatua. Ile inayoumudu udongo wa namna hiyo inauzwa zaidi ya Sh10 milioni, ndiyo maana wengi huitumia kwa kugawana mapato na mwenye mashine.

Gharama hiyo imefungua mlango kwa matapeli. Kampuni ya Codan ya Australia, inayotengeneza detekta za Minelab, iliibiwa michoro yake na wadukuzi, na mashine bandia kutoka China zikamwagwa Afrika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2014 faida yake ilishuka hadi dola milioni 9.2 za Australia, kutoka milioni 45 mwaka uliotangulia. Codan ilistahimili pigo hilo. Mchimbaji aliyeuza ng'ombe akanunua mashine bandia hana pa kudai. Wabaya zaidi ni wale wanaouza vifaa vyenye antena, eti vinaiona dhahabu umbali wa mamia ya mita. Huo ni wizi, na unapaswa kuitwa hivyo.

Sasa tuje kwenye sarafu. Rupia za Mjerumani, zinazotajwa kwenye habari hizo za mali zilizofukiwa, hazikutungwa vijiweni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia ya fedha kutoka Ujerumani, utawala wa kikoloni uligonga sarafu zake Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli. Zilitoka sarafu 16,198 za dhahabu za rupia 15. Upande mmoja zina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, chini yake mwaka na herufi T. Upande wa pili, tai wa dola. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu halisi. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huilipia dola elfu kadhaa, mara nyingi kuzidi thamani ya dhahabu iliyomo. Anayeiokota akaipeleka kuyeyushwa anajipunja.

Lakini 16,198 ni idadi ndogo mno kwa koloni lililokuwa na ukubwa ule, na nyingi zilishaondoka nchini zamani. Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 19, 1916, jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali Wahle lilirudi nyuma kuelekea Iringa, upande wa kusini mashariki. Ikola iko magharibi, ufukweni mwa ziwa. Anayekuuzia ramani ya sanduku lililofukiwa huku akueleze kwanza lilifikaje.

Na ufukwe wenyewe unatoa nini? Vizibo vya soda, ndoano, misumari ya mitumbwi, labda senti 10 ya mkoloni yenye tundu katikati. Sarafu yetu kubwa kuliko zote ni ya Sh500, iliyotoka mwaka 2014. Ukiokota kumi kwa siku nzima ya jua una Sh5,000, na bado hujamlipa mwenye mashine. Kwa hesabu hiyo sioni biashara ya sarafu Ikola, hata maisha yawe magumu kiasi gani.

Biashara ipo kwenye dhahabu, tena yenye leseni. Sheria ya Madini hairuhusu kutafuta madini bila kibali, hata kama huchimbi shimo refu. Leseni ndogo, PML, hutolewa kwa Watanzania, hudumu miaka saba na kwa dhahabu eneo lake haliruhusiwi kuzidi hekta 10. Mwenye leseni huuza soko la madini, mizani ikiwa wazi, akikatwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma. Asiye na leseni huuza kichochoroni kwa bei ya mnunuzi. Dhahabu ilipovuka dola 3,000 kwa wakia Machi 2025, tofauti ya mifuko ya wachimbaji hao wawili iliongezeka.

Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa Ikola kinachotaka detekta kingeanza na leseni, kisha kikakopa mashine moja iliyojaribiwa mbele ya macho yao, kwenye udongo wa Katavi, kwa kufukia kipande cha dhahabu chenye uzito unaojulikana. Muuzaji akikataa jaribio hilo, wasimlipe.