Jirani Zetu wa Njiani

Tunapowakumbuka jirani zetu waliotutangulia hivi karibuni, tusiwasahau wale waliofia njiani. Tarehe 24 Juni 2002 gari la moshi la abiria lilikuwa likipanda mlima karibu na Msagali, mkoani petu. Breki hazikulizuia, likarudi nyuma kwa kasi, likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Wengine hawakutambuliwa na jamaa zao, wakazikwa hapa Dodoma na watu wasiowajua.

Basi, marehemu wa nyumbani ana mtoto wa kumpalilia kaburi; mgeni hana ila sisi. Enyi wazazi na walimu, mwendapo makaburini na jembe, palilieni na la mgeni. Maana aliyezikwa kwetu ni jirani yetu.