Mapato Yakibadilika, Bima Yako ya Afya Inakuwaje?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya magonjwa: malaria, kisukari, shinikizo la damu na mengineyo. Mara hii tunazungumza juu ya jambo lisilo ugonjwa, lakini linalowachelewesha wagonjwa wengi kupata matibabu. Mapato ya nyumba yanapobadilika, haki ya kutibiwa kwa bima nayo hubadilika. Wengi hawalitambui hili mpaka siku wanapofika hospitali na mgonjwa mikononi.

Bima yetu inafanyaje kazi?

Mfuko wa NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966, uliwahudumia Wakenya mpaka mwaka 2024. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi twaiita SHA, ilishika mahali pake kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2023.

Zamani mwenye mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi alikatwa 750, na mwenye 100,000 alikatwa 1,700. Sasa kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Kwa hiyo mwenye 20,000 hukatwa 550, na mwenye 100,000 hukatwa 2,750. Hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri ndiye anayekata fedha hizo na kuzipeleka kila mwezi.

Mkulima, mvuvi, mama wa sokoni, fundi na mwendesha bodaboda hawana mwajiri wa kuwakata. Hao hupimwa uwezo wa nyumba yao, kisha huambiwa kiasi cha kulipa. Nao hulipa mchango wa mwaka mzima kabla ya kuanza kuhudumiwa. Anayepimiwa kiwango cha chini kabisa hulipa shilingi 3,600 kwa mwaka.

Kazi inapokoma

Tuchukue mfano. Baba mmoja ni mlinzi, mshahara wake 20,000. Kila mwezi anakatwa 550, na mke na watoto wanatibiwa kwa jina lake. Mkataba wake unaisha. Anarudi nyumbani na kuanza kutafuta vibarua. Kwa kuwa jina lake limo katika SHA, anaamini kwamba nyumba yake ingali na bima. Hajui kwamba kuandikishwa ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jingine. Mwajiri alipoacha kumkata mshahara, mchango ulikoma. Hakuna anayeendelea kumlipia.

Baada ya miezi michache mkewe anashikwa na uchungu, na inabidi afanyiwe upasuaji. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, SHA hulipia shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji. Lakini hulipia yule ambaye mchango wake uko hai. Huyu baba atadaiwa gharama hizo mwenyewe, wakati ule ule ambao hana mshahara.

Sisi wauguzi twaogopa zaidi kwa ajili ya wagonjwa wa muda mrefu. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi kungoja mpaka apate kazi nyingine. Kwa viwango hivyo vya 2024, kila safari moja ya kusafishwa damu ni shilingi 10,650, yaani 21,300 kwa wiki. Mgonjwa wa sukari au wa shinikizo naye huona haya kuja kliniki bila bima, akakaa nyumbani bila dawa. Akirudi, mara nyingi huwa amekwisha kuharibika zaidi.

Kupimwa uwezo wa nyumba

Aliyetoka kazini huingia katika kundi la wasio na mshahara, naye sharti apimwe uwezo. Hapa pana jambo la kuangalia. Vipimo hivi haviangalii hati ya mshahara. Vinauliza juu ya nyumba unayoishi, maji, choo, taa, nishati ya kupikia, idadi ya watu na vitu mlivyo navyo. Kutokana na majibu hayo hukisiwa mapato ya nyumba.

Sasa fikirini: mtu aliyefanya kazi miaka kumi na mitano amejenga nyumba ya mawe na kuingiza umeme. Kazi ikikoma, ukuta haubomoki. Nyumba itaonyesha kwamba ana uwezo, hali mfuko wake ni mtupu. Aweza kupimiwa kiasi kikubwa kuliko anachoweza kulipa. Akiona hivyo asikate tamaa wala asidanganye katika majibu. Aende katika ofisi ya SHA, aeleze kwamba mapato yamekoma, aonyeshe barua ya kuachishwa kazi, na aombe hesabu yake iangaliwe upya.

Ugumu wa pili ni kulipa kwa mkupuo. Wakati wa NHIF, asiye na mwajiri alilipa 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Anayelipa 3,600 sasa amepata nafuu kwa hesabu ya mwaka, lakini mtu wa vibarua hupata shida kuzikusanya zote kwa siku moja. Mwaka 2025 Serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humwezesha mtu kukopeshwa mchango wa mwaka na kurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, basi uulize masharti yake kabla ya kuuchukua.

Mambo ya kufanya

1. Kazi ikiisha, usingoje ugonjwa. Nenda SHA mwezi ule ule ubadilishe kundi lako na upimwe. Unaweza kuanzia kwa simu yako kwa kupiga *147#. Ukiwa huna simu, omba msaada katika ofisi ya SHA au kwa mhudumu wa afya wa kijijini.

2. Tazameni kama mwenzi wa ndoa anakatwa mshahara. Ikiwa mke angali kazini, mume aliyepoteza kazi aweza kuandikwa pamoja na watoto kuwa wategemezi wake. Wengi hulemewa na madeni ya hospitali hali njia hii ilikuwapo.

3. Mnaotegemea msimu, tengeni fedha za bima mara mnapouza mavuno, kabla ya mambo mengine. Akina mama walio katika vyama wanaweza kuweka shilingi 300 kila mwezi kwa ajili hiyo tu.

4. Ukipata kazi ya mshahara, mpe mwajiri namba sahihi ya kitambulisho chako. Baada ya mwezi wa kwanza hakikisha kwamba mchango umefika. Makato kuonekana katika hati ya mshahara si hakikisho kwamba fedha zimepelekwa.

5. Mtoto akizaliwa, mwandikishe mapema. Asiyeandikwa hahesabiwi.

6. Zahanati na vituo vya afya msiviache. Aliyejiandikisha, hata kama hajalipa mchango, ana haki ya kupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vyenye mkataba na SHA, kwa sababu gharama hizo zatoka katika mfuko wa Serikali. Mchango wa mwaka wahitajika hasa unapotumwa hospitali kubwa au unapolazwa. Kwa hiyo mgonjwa wa shinikizo asiye na kazi asikae nyumbani; na aanzie hapo.

7. Ikiwa ni dharura, mleteni mgonjwa mara moja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya malipo yatazungumzwa baadaye.

Na wasio na kitu kabisa?

Sheria inasema Serikali iwalipie wasiojiweza. Lakini hawawezi kulipiwa ikiwa hawajulikani. Mzee anayeishi peke yake, mjane, mlemavu asiye na wa kumtunza: hao mara nyingi hawana simu, wala hawajui kwamba wapaswa kuandikishwa. Jirani mwenye kujua kusoma aweza kuwafaa sana kwa kuwapeleka kwa mhudumu wa afya au kwa chifu ili majina yao yafike panapohusika.

Wapendwa, mapato ya binadamu hupanda na kushuka, na si aibu kushuka. Kila mapato ya nyumba yanapobadilika, ulizeni swali hili mara moja: “Je, bima yetu ingali hai?” Jibu lake mlipate mkiwa wazima, kabla hamjalihitaji.