Dhiki ya Nafsi na Afya ya Moyo

Watu wengi wanapotaja vyanzo vya maradhi ya moyo huanza na sigara, chumvi, mafuta, unene na kisukari, na orodha hiyo ni sahihi, ila haikamiliki mpaka hali ya nafsi nayo iongezwe. Utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004, uliwalinganisha watu waliopatwa na mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na wengine wasiopatwa, katika nchi 52, ukabaini mambo 9 yanayoeleza sehemu kubwa sana ya hatari hiyo. Na miongoni mwake, sambamba na sigara na shinikizo la damu, ulikuwemo msongo wa mawazo pamoja na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumwondolea mtu hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda.

Uhusiano huo una njia yake mwilini. Mtu anaposhikwa na hofu, hasira au habari ya msiba, ubongo huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage katika damu homoni za adrenalini na kotisoli, ambazo huufanya moyo upige mbio, huibana mishipa, hupandisha shinikizo na kuzifanya chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu penye jeraha, zishikamane kwa urahisi zaidi. Maandalizi hayo humfaa anayemkimbia nyoka, kwa kuwa hatari ikipita mwili hutulia. Lakini mambo kama deni lisilolipika, ugomvi wa ndoa au hofu ya kufukuzwa kazi hayapiti kwa dakika chache, hivyo mwili hubaki katika tahadhari kwa miezi na miaka, usingizi hupungua, na kuta za ndani za mishipa hudhurika polepole.

Nguvu ya hofu ya ghafla ilionekana Los Angeles, Marekani, alfajiri ya Januari 17, 1994, pale tetemeko la ardhi lilipowaamsha wakazi usingizini. Siku hiyo vifo vya ghafla vilivyotokana na maradhi ya mishipa ya moyo vilifikia 24, ilhali wastani wa wiki iliyotangulia haukufika 5 kwa siku, na ni wachache tu kati ya marehemu hao waliokuwa wakifanya kazi ya kutumia nguvu. Katika siku zilizofuata idadi ilishuka chini ya kawaida, jambo linaloashiria kwamba tetemeko liliwaharakishia kifo watu ambao mioyo yao ilikuwa tayari dhaifu.

Hata hivyo, huzuni inaweza kuudhuru hata moyo ambao mishipa yake haikuziba. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliuelezea ugonjwa wa takotsubo, ambao huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya kufiwa au kupatwa na mfadhaiko mkubwa: chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kinachosukuma damu kwenda mwilini, hulegea na kufura mfano wa mtungi wa kunasia pweza, ambao ndio ulioupa ugonjwa huo jina lake. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, lakini wapo wanaopoteza maisha.

Sonona nayo hudhuru kwa njia nyingine, kwani aliyekata tamaa huacha dawa za presha, hukosa kuhudhuria kliniki, huongeza sigara na pombe, na huona mazoezi ni mzigo. Utafiti uliofanyika Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa na sonona baada ya mshtuko wa moyo walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi 6 takriban mara 4 ya wenzao.

Ni lazima kusema pia kwamba kuitibu nafsi hakuchukui nafasi ya kuutibu moyo. Jaribio la ENRICHD, lililochapishwa Marekani mwaka 2003, lilithibitisha kuwa ushauri nasaha uliwapunguzia wagonjwa huzuni na upweke, lakini haukupunguza vifo. Kwa hiyo dawa za presha haziachwi, na maumivu ya kifua hayapaswi kupuuzwa kwa madai kwamba ni mawazo tu, bali mgonjwa awahishwe hospitali.

Linalowezekana katika kila kliniki, hata isiyo na mtaalamu wa akili, ni mhudumu kumuuliza mgonjwa maswali mawili baada ya kumpima presha: je, katika wiki mbili zilizopita amekuwa akijisikia mnyonge au kukata tamaa, na je, amepoteza hamu ya kufanya mambo? Jibu la ndiyo si ishara ya imani haba wala ya udhaifu wa tabia, bali ni dalili ya kitabibu inayostahili kuandikwa kwenye cheti na kushughulikiwa, na ndugu wanaomkumbusha mgonjwa kumeza vidonge wanapaswa pia kuketi naye na kumsikiliza.