Daktari Mwanafunzi Anapokaa Mbele Yako

Si ajabu kufika kliniki ukamkuta kijana mwenye koti jeupe ameketi pembeni ya mganga, daftari mkononi. Ni mwanafunzi wa udaktari. Wengine wetu humtazama kwa mashaka: "Huyu amekuja kujifunzia mwili wangu?" Swali hilo ni halali.

Udaktari husomwa miaka 5 chuoni, kisha mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini. Katika wodi za Muhimbili au KCMC mwanafunzi hukutana na ugonjwa uliokwisha komaa. Kijijini huuona unapoanza, na humwona mgonjwa pamoja na nyumba yake. Huo ndio udaktari wa familia, ambao jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, walianza kuufundishia mabingwa mwaka 2005. Huku kwetu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, imepokea wanafunzi wa udaktari hata kutoka Ulaya.

Tuchukue mfano wa Hirbadaw, wilayani Hanang. Mama wa Kidatoga amemleta mtoto wa miezi 8 anayekohoa. Mwanafunzi amefundishwa kuhesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. (Nawe mama waweza kuhesabu nyumbani.) Lakini moshi wa jiko pale anapolala mtoto, umbali wa maji, na nani mwenye kauli ya kuuza mbuzi ili mgonjwa afikishwe Haydom? Hayo hayamo kitabuni. Anayeyajua ni mama.

Tena kuna lugha. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana nalo, hutafuta mengine. Mwanafunzi asiyelijua hilo ataona mama anasitasita, adhani hakuelewa swali. Na mkalimani akiwa mama mkwe, nani atataja uchafu unaomtoka ukeni, au kipigo cha jana usiku? Kwa maoni yangu, ndugu atoke nje kwanza, atafutwe muuguzi anayejua lugha. Mwanafunzi aliyeona hilo likifanyika atalibeba popote atakapopangiwa kazi.

Basi muulize jina lake, na ni nani anayemsimamia. Una haki ya kumkataa, na matibabu yako yasipungue hata kidogo. Ukihitaji kupimwa sehemu za siri, omba awepo mwanamke. Ukikubali, mweleze yote, hata dawa ya miti shamba uliyokunywa juzi. Usimfiche kwa kuogopa kugombezwa. Na akihesabu pumzi za mwanao kwa nusu dakika tu, mwambie aanze upya.