Mgawo wa Maneno katika Tanzia ya Julius Caesar (II)

Msomaji aifunguaye tanzia hii, iliyotungwa na Shakespeare yapata mwaka 1599, na ambayo Mwalimu Nyerere aliitia katika Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963, hutazamia kwamba yule ambaye jina lake limepamba jalada ndiye atakayesema kuliko wote. Kumbe Caesar hapati ila mistari ipatayo 150, ilhali ya Brutus yapita 700, na Cassius amfuata. Na kabla tendo la tatu halijafika kati, Caesar amekwisha kuuawa.

Lakini linalonistaajabisha zaidi ni Antony, rafiki wa Caesar. Katika matendo mawili ya kwanza hafumbui kinywa ila mara chache mno, na kila mara ni kumwitikia Caesar. Hata wale waliokula njama ya kumwua Caesar waliposhauriana kama naye auawe, Brutus alikataa, akimhesabu kuwa ni kiungo tu cha mwili wa Caesar, na sisi hadhira, tuliokuwa hatujamsikia akisema lolote la maana, twaona hoja hiyo ni sahihi. Hapo ndipo ulipo ustadi wa mtunzi: ametufanya tukose pamoja na Brutus.

Kisha yaja mazishi. Brutus ahutubu kwa nathari iliyopangwa kama hoja za kadhi, auliza, ajibiwa kwa neno moja, naye aridhika, akaondoka na kumwachia Antony jukwaa zima. Huyu atumia ushairi, lakini silaha yake kubwa si ushairi, ni kunyamaza. Asema kidogo, asita, alia, na katika kusita huko raia wasio na majina wazungumza wao kwa wao, mpaka ikawa ni wao wanaomshurutisha ausome wosia wa Caesar, anaodai hataki kuusoma. Maneno ameyatia yeye vinywani mwao, nao wadhani ni yao.

Onyesho lifuatalo ni fupi sana, na wengi hulipita upesi. Raia wale wale, waliokuwa wakiulizwa, sasa ndio waulizao: wamsimamisha mshairi Cinna njiani, wamtaka jina, aendako, akaako, na kama ana mke. Naye, maskini, awajibu yote kwa utaratibu, moja baada ya jingine, na hapana jibu hata moja lililomwokoa.

(Itaendelea)