Kemikali zinazomfichua aliyechafua maji

Baada ya mvua kubwa, maji ya mto Malakisi hugeuka rangi ya udongo. Kwa macho tu, msomaji, huwezi kujua kama mna kinyesi cha watu, mavi ya ng'ombe au oili ya magari. Hata maji maangavu yaweza kuwa machafu.

Kwa kawaida maabara hutafuta bakteria aina ya E. coli, wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama. Wakionekana, kinyesi kimeingia majini. Lakini bakteria hao hufa upesi kwa jua na chumvi ya bahari. Tena, kipimo cha kawaida hakionyeshi kama walitoka kwa mtu au kwa ng'ombe.

Ndiyo sababu wanaochunguza maji ya pwani hupima pia koprostanoli. Kemikali hii hutokea tumboni, bakteria wanapoigeuza kolesteroli. Haiyeyuki kwa urahisi, bali hushikamana na matope na kubaki humo hata bakteria wakishakufa. Kinyesi cha binadamu kina koprostanoli nyingi. Cha ng'ombe, mla majani, huwa na zaidi kemikali inayofanana nayo, itokanayo na mimea. Maabara hulinganisha hizo mbili ili kujua uchafu ulitoka wapi.

Mafuta ghafi na oili za injini nazo huwa na hopani, masalio ya bakteria walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mafuta yakimwagika, sehemu nyepesi hugeuka mvuke, lakini hopani hudumu. Mpangilio wake hutofautiana kati ya kisima kimoja cha mafuta na kingine, mfano wa alama za vidole.

Jambo hili lina uzito katika bandari kama Mombasa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa huko, yakamwagika kiasi cha tani 5,000 na kuua mikoko. Chanzo kilijulikana. Lakini palipo na meli nyingi, kila mmoja aweza kukana, na bila ushahidi hakuna wa kulipa fidia.

Njia hizi hutumika mitoni pia. Malakisi huteremka kutoka Mlima Elgon, hujiunga na mto Malaba, na maji yake huishia Ziwa Kyoga, Uganda. Unachomwaga wewe, mwingine atakichota.

Kumbuka kwamba koprostanoli ni shahidi tu. Wanaoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara ni vijidudu vinavyosafiri pamoja na kinyesi. Kwa hivyo:

• Chemsha maji ya kunywa au yatie klorini.

• Chimba choo mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko.

• Usimwage oili chafu mtaroni. Kuchemsha hakuiondoi.

• Maji yakinuka mafuta, usiyanywe. Mjulishe afisa wa afya ya umma.