Dizeli ya mimea: Resini husafisha, haiponyi kazi mbovu

MJASIRIAMALI anayetengeneza dizeli kwa mafuta ya mbono, au kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, hukutana na tatizo lile lile kila mara: dizeli imepatikana, lakini ni chafu.

Uchafu huo hutokana na utengenezaji wenyewe. Lita 100 za mafuta huchanganywa na takriban lita 20 za methanoli na kiasi kidogo cha kostiki soda, ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni, katika joto la nyuzi 60 hivi. Gliserini hutuama chini na dizeli hukaa juu. Hata hivyo, dizeli hiyo hubaki na sabuni, kostiki, methanoli na gliserini kidogo, vitu vinavyoweza kuziba chujio na kuharibu pampu ya injini.

Njia iliyozoeleka ni kuiosha kwa maji. Lakini maji mengi hutumika, yakichafuka hayafai kumwagwa mtoni, na dizeli lazima ikaushwe baadaye. Sabuni ikizidi, maji na dizeli huchanganyika kama maziwa na kukataa kutengana.

Njia ya pili ni resini. Hizi ni chembe za plastiki za mviringo, ndogo kuliko punje za ulezi, zinazojazwa kwenye bomba lililosimama. Asidi iliyomo imeungana na plastiki yenyewe, hivyo haichukuliwi na dizeli. Dizeli inapopita taratibu, chembe hunasa sodiamu ya kostiki na ya sabuni, na kunyonya gliserini. Elimu hii si ngeni: Waingereza Adams na Holmes walitengeneza resini za jamii hii mwaka 1935, na nyingine za ukoo huo hulainisha maji ya bwela viwandani.

Mtego upo hapa. Sabuni ikinyang'anywa sodiamu hugeuka asidi ya mafuta, nayo hubaki ndani ya dizeli. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, hakiruhusu asidi izidi 0.50, wala sodiamu na potasiamu kwa pamoja zizidi miligramu 5 kwa kilo. Dizeli iliyojaa sabuni inaweza kutoka ikimeta, kumbe asidi imepita kiasi. Aidha, mafuta ambayo hayakugeuka dizeli hupita kwenye resini kama yalivyoingia.

Kwa hiyo kipimo kitangulie. Sehemu 1 ya dizeli itikiswe ndani ya sehemu 9 za methanoli. Mafuta yakituama chini, kazi irudiwe kabla ya kugusa resini.

Methanoli nayo iondolewe kwanza kwa kuivukiza na kuipoza ndani ya mtambo uliofungwa, kwani mvuke wake hushika moto na ni sumu inayoweza kupofusha. Bomba lisijazwe pomoni, maana resini huvimba.

Upande wa fedha, hesabu ni nyepesi. Tuseme resini imenunuliwa kwa shilingi 300,000. Ikisafisha lita 10,000, kila lita imebeba shilingi 30. Ikichoka kwenye lita 2,000 kwa sababu ya sabuni nyingi, kila lita imebeba shilingi 150. Resini ni ile ile. Kilichobadilika ni uangalifu wa fundi.

Waswahili husema rahisi ghali. Anayenunua mafuta mabovu kwa sababu ya bei yake ndogo, atailipa tofauti hiyo kwenye resini.